Kifungo cha Pili Kutoka Juu

Wivu hauendi likizo. Unaweza kufunga duka, ukaifunika cherehani, ukamwambia kila mteja arudi Jumatatu, ukapanda gari ukakwea milima mpaka masikio yakaziba. Ukifika juu utaukuta umeshatangulia, umekaa barazani, unakungoja wewe.

Ndivyo ilivyomkuta Fundi. Jina lake la kuzaliwa watu walishalisahau. Mtaani kwao ukisema "Fundi" hakuna aliyeuliza fundi gani. Ni yule mwanamke wa duka la pembeni, anayetembea na mkasi mdogo wa kukatia nyuzi shingoni, umening'inia kwenye utepe, hata akienda harusini. Aliyefaulu kumng'oa kwenye kiti chake ni mchumba wake, mtengeneza miwani wa ng'ambo ya barabara, ambaye kila mtu alimwita Miwani, naye aliitika.

"Siku moja tu," alikuwa amembembeleza. "Twende mlimani tukapumzike. Hakuna wateja, hakuna gauni la bibi harusi anayelia. Tule, tutembee, tulale kwenye majani kama watoto."

"Na lile jibu la posa yako?"

"Nitalisubiri. Hata mwaka."

"Hutalisubiri mwaka. Nitakupa huko huko mlimani."

Jibu lenyewe alikuwa nalo tayari, wala si siri, nyinyi nanyi mngelijua kwa kumtazama tu usoni asubuhi ile garini. Lilikuwa ndiyo. Alikuwa amelibeba toka nyumbani, akilichungulia njia nzima na kutabasamu peke yake. Kilichokuwa kikimtia wasiwasi ni mama mkwe tu, ambaye hajawahi kumwona hata kivuli. Kila akiuliza lini atapelekwa kumsalimia, Miwani alisema, "Bado hajawa tayari," kisha akabadilisha mazungumzo. Fundi hakuwa mtoto. Alijua maana ya bado.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mawe, imekaa ukingoni mwa msitu wa misonobari, na chini yake bonde lilikuwa bado limejaa ukungu. Kulikuwa na bustani ya maua, viti vya mbao vyenye mablanketi, na kijito kilichosikika bila kuonekana. Baridi ilikuwa ile ya kumfanya mtu ashukuru kwa kikombe cha moto. Fundi alishuka garini, akavuta pumzi, akahisi mabega yake yanashuka yenyewe.

Yalishuka kidogo tu. Mlango ulifunguliwa, akatoka mwenyeji.

Alikuwa mwanamke wa rika lake, mrefu, mwenye vishimo mashavuni. Kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kimefungwa ovyo, na kikampendeza hivyo hivyo. Wanawake wa namna hiyo wanaudhi.

"Umefika!" alimwambia Miwani, wala si kwa sauti ya kumkaribisha mgeni. "Nilidhani barabara imekushinda leo."

"Barabara hii? Naijua hata nikifumba macho."

Fundi akageuza shingo. Naijua hata nikifumba macho? Yeye alikuwa ameambiwa wanakwenda mahali ambapo rafiki fulani alipasifia.

Hajalimaliza hilo, akaona jingine. Pale mlangoni palikuwa na kandambili za kiume za buluu. Miwani alivua viatu, akatumbukiza miguu ndani ya kandambili zile bila hata kutazama chini, kama mtu aliyeingia kwake.

"Karibu sana, wifi," mwenyeji akamwambia Fundi, akamshika mikono yote miwili. "Tumekusikia mno."

*Wifi kwa nani?* Fundi akajiuliza moyoni. Mdomoni alisema, "Ahsante. Mimi sijakusikia kabisa."

Mwenyeji alicheka. Miwani alikohoa.

Chai waliinywea barazani. Mwenyeji alileta birika, mkate wa moto, mayai na matunda yaliyokatwa vizuri. Vikombe vyote vilikuwa vyeupe, isipokuwa kimoja kikubwa cha kijani chenye ufa kwenye mkono. Hicho akakiweka mbele ya Miwani.

"Chako nimekitia tangawizi, bila sukari. Kama kawaida."

Kama kawaida! Maneno mawili tu, lakini yaliingia kifuani mwa Fundi yakavuta kiti yakakaa. Alijua chai ya Miwani. Yeye ndiye aliyemwachisha sukari. Sasa hii kawaida ya kijani na ufa wake ilianza lini, na wapi, na nani aliitia tangawizi?

"Unakuja hapa mara nyingi?" alimwuliza Miwani, mwenyeji alipoingia ndani.

"Mara moja moja," Miwani alisema, huku akijishughulisha na yai.

"Jumapili?"

Kijiko kikasimama. Kila Jumapili, kwa muda mrefu sasa, Miwani alikuwa akimwambia anakwenda kupima watu macho kwenye zahanati ya kijijini. Naye Fundi alikuwa akimfungia chakula. Kwa mkono wake mwenyewe alikuwa akimfungia chakula!

"Kula kwanza, mpenzi," Miwani alisema. "Baada ya chakula cha mchana kuna jambo nataka nikuonyeshe."

"Nionyeshe sasa."

"Sasa bado."

Bado tena. Miwani akainama kuchukua mkate, na jua lililokuwa limechomoza juu ya msitu likampiga kifuani. Hapo ndipo Fundi alipokiona kifungo.

Ngoja niwaeleze habari ya kifungo hiki, maana bila hicho mtasema mwanamke huyu alikuwa mwehu.

Siku ya kwanza Miwani kuvuka barabara na kuingia dukani kwa Fundi, alikuwa na shati la buluu mpauko lisilo na kifungo cha pili kutoka juu. Kifungo alikuwa amekishika mkononi. Fundi akamshonea papo hapo, shati likiwa mwilini, na ilimbidi asogee karibu mpaka akausikia moyo wa mtu yule unavyokwenda mbio. Wiki iliyofuata akaja na shati jingine, kifungo mkononi. Kisha jingine. Mwishowe Fundi alimtolea uvivu: "Kaka, wewe unavikata mwenyewe." Naye akajibu, "Ningefanyaje? Macho yako ni mazima, huhitaji miwani." Mapenzi yao yalianzia hapo. Shati lile la buluu alilivaa kila siku ya maana, na leo alikuwa amelivaa.

Lakini uzi haukuwa wa Fundi.

Yeye hushona kifungo cha matundu manne kwa mistari miwili inayokwenda sambamba, uzi mweupe. Hiki kilishonwa kwa kukatisha, uzi ukipita juu ya uzi, tena uzi wa buluu uliochaguliwa kwa makini ufanane na shati. Na chini ya kifungo uzi ulikuwa umezungushwa shingoni, ukakazwa, ukakazwa tena. Haikuwa kazi ya duka wala ya mwanamume anayejishonea. Ilikuwa kazi ya mtu aliyekaa akatulia, shati mapajani, hana haraka, anampenda mwenye shati.

Mshono una mkono wake kama vile sauti ilivyo na mwenyewe, na Fundi hakuwahi kukosea. Mchumba wake wa zamani alimjua hivyo. Yule alirudi siku moja na zipu ya suruali imerekebishwa na mkono ambao Fundi hakuujua. Akaapa, akalia, akaita mashahidi. Mwisho wa yote zipu ilikuwa imesema kweli na mtu amesema uongo. Tangu hapo Fundi akaziamini nguo kuliko ndimi.

Akaweka kikombe chini. Jibu alilolibeba toka nyumbani likaanza kumwia zito.

Walikwenda matembezi kijitoni, maana ndicho walichokuwa wamekuja kufanya, kupumzika. Miwani alitembea mbele akionyesha ndege, akionyesha uyoga, akisema tazama hiki na tazama kile. Fundi alitazama kifungo.

"Umenuna," Miwani alisema.

"Sijanuna. Napumzika."

"Ukipumzika huwa unavuta mdomo hivyo?"

"Huyu mwenyeji wako ana mume?"

"Hakuolewa. Kwa nini?"

"Nauliza tu. Mtu hawezi kuuliza? Ana vishimo vizuri."

"Vishimo gani?"

"Usijifanye kipofu, wewe kazi yako macho!"

Miwani aligeuka kumjibu huku akivuka jiwe, na mlima haumpendi mtu anayegombana bila kutazama chini. Aliteleza, akakaa kitako katikati ya kijito, maji yakamfika kifuani. Siku nyingine Fundi angecheka mpaka ashike mbavu. Alicheka kidogo hata hivyo, bila kutaka, akampa mkono kumvuta. Nusu dakika walisimama hivyo, mkono ndani ya mkono, mwanamume akitiririka maji, wakitazamana. Macho ya Miwani yalikuwa yale yale ya siku ya kwanza dukani. Fundi akayaamini. Kisha akakiona kifungo, akauachia mkono.

Waliporudi, mwenyeji alikuja mbio na taulo. "Masikini! Utapata homa. Ngoja nikuletee sweta lako."

"Sweta lake?" Fundi aliuliza hewa, kwa maana mwenyeji alishaingia ndani.

Sweta lililetwa. Lilimkaa Miwani sawasawa, mabegani na mikononi. Fundi alilijua. Alikuwa amemtafutia sweta hilo nyumba nzima majuma kadhaa yaliyopita, mpaka chini ya kitanda, na Miwani alisimama pale pale akasema labda limeibwa kambani.

Shati la buluu likafuliwa tope, likaanikwa nyuma ya nyumba, kati ya shuka mbili nyeupe. Miwani akaitwa jikoni kubeba kuni. Fundi akabaki peke yake na kamba ya nguo.

Alijikaza. Alizunguka bustani, akasoma kila ua. Akakaa kwenye kiti, akajifunika blanketi, akafumba macho kama watu wanaopumzika. Miguu ikamnyanyua yenyewe.

Alilishika shati kifuani, akautoa mkasi wake shingoni, akaupenyeza chini ya kifungo. Uzi ule ulikuwa mbishi. Ulikazwa hasa, mkasi uliokata nyuzi maisha yake yote ulilazimika kuuma mara tatu. Hata fundo hakuliona liko wapi, lilikuwa limefichwa katikati ya nguo mbili. Huyu mwanamke anajua kushona, Fundi alifikiri, na hilo likamuumiza kuliko vishimo. Kifungo kikamdondokea kiganjani. Aliinua mkono akitupe bondeni, na mkono ukakataa. Fundi hatupi kifungo. Akakifumbata.

"Unafanya nini?"

Miwani alikuwa amesimama nyuma ya shuka na kuni mikononi.

"Nauliza mimi," Fundi alisema. "Nani alikushonea kifungo hiki?"

Miwani akatazama shati, akatazama mkasi, kisha, bila kujua kwamba anaonekana, macho yake yakakimbilia dirisha la chumba cha mwisho. Pazia lilikuwa limefungwa.

"Ni hadithi ndefu," alisema. "Tule kwanza, halafu..."

"Hadithi ndefu! Kifungo kina matundu manne tu, hadithi yake iwe ndefu kwa lipi? Kandambili zako ziko hapa. Kikombe chako kiko hapa. Sweta nililolitafuta mpaka magoti yakachubuka liko hapa. Jumapili zako zote ziko hapa, na mimi mjinga nakufungia chakula uje ule na mwenye vishimo!"

"Kile chakula nilikuwa..."

"Usiniambie! Ningekukuta umeshikana na mtu mkono ningesema labda wanasalimiana. Ningekukuta umecheka naye ningesema labda ni mchekeshaji. Lakini ulimwacha mwanamke mwingine akakifumua kile kifungo? Kile cha kwanza? Ulikuwa na mashati mangapi, wewe?"

Machozi, ambayo aliyakataza tangu chai, yakapita.

"Haki ya Mungu, sivyo unavyofikiri," Miwani alisema, akaziangusha kuni.

"Wote husema hivyo. Yule wa zipu naye alisema hivyo hivyo." Akajifuta uso kwa kiganja. "Ulitaka jibu. Jibu ni hapana."

Miwani alisimama tu. Mikono ikabaki imeinama kama bado imebeba kuni. Ni wazi mtu huyu alikuwa amejiandaa kwa kila jambo siku ile isipokuwa hilo. Mwenyeji, aliyekuwa amechungulia mlangoni kwa sababu ya kelele, alikuja taratibu akamgusa Fundi begani.

"Wifi, ukinikasirikia mimi utakuwa umepoteza hasira yako bure. Mimi nilitunga uzi kwenye sindano tu. Sikushona."

"Usiniite wifi!"

"Haya, sikuiti. Lakini nikwambie kweli. Mama yake alinitaka mimi. Mwanawe hakunitaka. Basi na mimi sikumtaka. Nitaishi vipi na mtu ambaye ni mama yake peke yake anayenipenda?"

"Mama yake?"

Pazia la chumba cha mwisho likavutwa.

"Nyinyi," ilisema sauti ya mwanamke mtu mzima, kavu, isiyo na haraka, "mnapigana kwenye nguo zangu au mnaanika?"

Alitoka kwa kupapasa ukuta, mama mwembamba aliyenyooka, ana miwani mikubwa myeusi iliyomfunika nusu ya uso. Fundi alijua kabla ya kuambiwa. Paji la uso lilikuwa la Miwani, na ule mdomo wa kukataa kusaidiwa pia.

"Mama," Miwani alisema, "nilitaka baada ya chakula..."

"Nyamaza. Umeharibu asubuhi nzima kwa kutaka baada ya chakula." Akamgeukia Fundi, akainamisha kichwa kama anayesikiliza. "Wewe ndiye fundi."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kwa nini unalia?"

Mwanawe ndiye aliyeanza, maneno yakimtoka yote kwa pamoja. Mama alikuwa ametolewa mtoto wa jicho. Hakutaka mtu yeyote ajue, maana yeye kuonekana akishikwa mkono ni heri azikwe. Akaja kupumzika huku kwa binti wa rafiki yake wa zamani. Kila Jumapili Miwani alikuja kumtia dawa ya macho, na kumlisha kile chakula cha Fundi bila kusema kimepikwa na nani. Aliapishwa asimwambie mchumba wake. Leo ndiyo bandeji ilikuwa imetoka kabisa.

"Nilimwambia simtaki huyo mchumba mbele yangu mpaka nione vizuri," mama alidakia. "Sikutaka watu waseme nimemkubali kwa sababu ya ukungu wa macho. Nikimkataa, nimkatae nikimwona." Akanyoosha mkono. "Fungua kiganja."

Fundi akafungua. Mama akakipapasa kifungo kwa kidole gumba, akavuta mabaki ya uzi wa buluu yaliyobaki matunduni.

"Umenikatia kifungo changu."

"Ndiyo, mama. Nilidhani ni... Ndiyo. Nimekikata. Ni kwa wivu."

"Umekata mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Hm," mama alisema, na kwa mara ya kwanza ikasikika kama anafurahi. "Cha kwako nilikikata mara moja."

Fundi akainua uso polepole. "Wewe ndiye uliyekifumua? Hakikuwa kimelegea?"

"Kimelegea wapi! Kilikuwa kimeshonwa vizuri, ndiyo maana niliudhika. Huyu mtoto alinikumbatia, nikagusa kifua, nikakuta mkono nisioujua. Vifungo vya mtoto huyu nimeshona mimi tangu shati lake la kwanza la shule. Mimi! Baba yake alipoondoka nilishona vya watu ili avae vyake. Halafu anakuja na kifungo cha mistari miwili kifuani, hata hakuniambia." Akavuta pumzi. "Usiku ule ukungu ulimlaza hapa, nami sikulala. Asubuhi nikamwomba binti huyu anitungie uzi."

"Mama!" Miwani alisema. "Uliniambia kilikatika nilipokuwa nalala."

"Nilikwambia hivyo, ndiyo. Ulitaka nikwambieje? Mama yako ana wivu na kifungo?"

Mwenyeji aliweka mkono mdomoni, lakini mabega yalikuwa yanacheka.

"Waliniambia una wivu," mama aliendelea, akimwelekea Fundi. "Waliniambia ulimwacha mchumba kwa ajili ya zipu. Nikasema mwanamke wa hivyo atamtesa mwanangu. Ni kweli una wivu?"

Fundi alifikiri kukana. Akaitazama kamba, shati limening'inia na nyuzi zilizobaki, akaona hakuna wa kumdanganya pale.

"Ni kweli, mama. Mbaya kabisa."

"Mimi pia," mama alisema. "Leteni sindano."

Kiti kililetwa juani. Sindano haikuhitaji kutafutwa. Fundi anayo siku zote kwenye pindo la blauzi, na uzi wa buluu ulikuwa bado mezani kwa mama. Miwani alitoa miwani ya kusomea aliyomtengenezea mama yake kwa mkono wake, ikasukumwa kando kama kawaida. Mama alijaribu kutunga uzi mwenyewe. Ukapita kushoto kwa tundu, ukapita kulia. Fundi akapiga magoti, akaipokea sindano, akautunga, akamrudishia.

"Nipeni nafasi ya mwanga," mama alisema, akawageuzia mgongo wote watatu.

"Mama, kishone wewe," Fundi alimwambia mgongo ule. "Sitakikata tena. Ulianza wewe kumshonea."

"Usinipe ambacho sijakuomba. Mkono wangu mimi haukatiki. Nikishona kifungo, shati ndilo huchakaa, kifungo kikabaki. Fundo nalipiga hata nikiwa usingizini, kwa vidole, macho hayahusiki." Sindano iliingia, ikatoka. "Siku kikitoka, itakuwa zamu yako. Lakini usikae ukisubiri."

Ilikuwa kama kufungiwa mlango kwa adabu. Fundi aliinamisha kichwa. Mama alikaa muda mrefu na uzi wa mwisho, mrefu kuliko kawaida ya mtu anayejua kazi, halafu akauuma kwa meno, akampa mwanawe shati.

Walikula chakula cha mchana wote wanne. Walilala kwenye majani, lakini mbali mbali, Miwani huku na Fundi kule, na anga ikapita juu yao taratibu. Mama alimwuliza Fundi maswali machache kuhusu cherehani, bei ya vitambaa, na wateja wasiolipa. Hakumsifu, wala hakumkemea. Jua lilipoanza kuegemea upande wa pili wa bonde, Miwani alilivaa shati lake lililokauka, na mama akawaaga barazani kwa kuwagusa mashavu, mwanawe kwanza, Fundi baadaye, na shavu la Fundi likakaa kiganjani kidogo.

"Huna sura mbaya," alisema. "Nendeni kabla ya ukungu."

Gari lilishuka mpaka kona ya tatu.

"Ningekwambia," Miwani alisema mwishowe. "Kila Jumapili nilikuwa nasema leo namwambia. Nilikuwa nawaogopa nyinyi wawili kuliko kitu chochote."

"Uliniacha nimtafute mtu asiyekuwepo."

"Najua. Nisamehe." Akabadilisha gia. "Na ile hapana? Bado ipo?"

Fundi hakujua. Hasira kwa mwenyeji ilikuwa imekwisha, hata aibu imeingia. Lakini angeolewa vipi kwenye nyumba ambayo kila kifungo kimeshapata mwenyewe? Angekuwa mke wa nani, mtu ambaye kifua chake kina mlinzi? Aligeuka kumtazama tu, labda kwa mara ya mwisho. Na macho yake, kwa mazoea, yakaenda pale pale, kifungo cha pili kutoka juu.

Mshono ulikuwa wa kukatisha, safi. Uzi ulikuwa umezungushwa shingoni. Lakini kutoka chini ya kifungo palikuwa na ncha ya uzi iliyoning'inia, peke yake, inatikisika na gari.

Aliishika kwa kucha mbili. Hakuvuta hata, aliigusa. Uzi ukaja wote, laini, bila kukwama popote, na kifungo kikadondoka kiganjani mwake.

Hakukuwa na fundo.

Fundi alikaa akakitazama. Mtu anayepiga fundo usingizini. Mtu ambaye mkono wake haukatiki, shati ndilo huchakaa. Alikaa pale juani amewageuzia mgongo, uzi wa mwisho mkononi, muda mrefu vile, akiamua.

"Simamisha gari," alisema.

"Kuna nini? Unataka kushuka? Mpenzi, tafadhali, tuzungumze..."

"Simamisha, nimesema."

Miwani akasimamisha pembeni, mikono imekamata usukani, uso wa mtu anayesubiri hukumu. Fundi alikuwa ameshachomoa sindano kwenye pindo la blauzi. Alitafuta pochini uzi mweupe, akautunga mara moja, akamsogelea mpaka akausikia ule moyo.

"Tulia, nisikuchome."

"Lakini mama amekishona leo hii..."

"Kimetoka."

"Cha mama hakitoki!"

Fundi alishona mstari mmoja, kisha wa pili kando yake. Machozi yalikuwa yanamshuka tena, na hakujisumbua kuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Alipofika mwisho alipiga fundo, akalikaza, akalificha katikati ya nguo mbili, kama alivyojifunza asubuhi ile kwenye kamba.

"Jumapili tunarudi," alisema. "Mimi na wewe. Umwambie mama yako nimekubali."

Miwani akamgeukia. "Umekubali nini?"

"Zamu."